Nani Kambeba Mtoto?

Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kutandikwa Tanga mwaka 1893, na kabla haijafika Muheza mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kupita Pongwe, nje ya mji wa Tanga. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu na miche mingi ikafa njiani. Iliyobaki hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kizazi cha miche hiyo ndicho kilichoifunika nchi ya Tanga kwa mistari ya majani yenye ncha kali, Pongwe ikiwemo.

Mkonge hautaki mikono michache. Kuna wa kufyeka, wa kukata, wa kufunga matita, wa kusukuma vitoroli, wa kusimama kwenye korona majani yanaposagwa, wa kuanika singa juani. Watu waliletwa kutoka mbali: Wanyamwezi, Wabena, Warundi, Wanyarwanda, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwatafuta na kuwasafirisha ilishikwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Siku zake za kazi zilitiwa alama kwenye kipande, siku 30 kwa kipande kimoja. Hesabu ilipofungwa mwaka 1964, nchi ilikuwa imetoa zaidi ya tani 200,000 za singa.

Mtoto mchanga wa kambi ya manamba hakuwa na namba. Baba yuko shambani tangu alfajiri, mama kaenda kuanika singa, bibi mzaa mama yuko Tabora au Songea, safari ya siku kadhaa. Nani kambeba mtoto?

Ni swali ambalo jirani yeyote huuliza akipita uani na kuona mkeka mtupu. Wataalamu wa malezi walichelewa sana kuliuliza, na walipoliuliza, sehemu kubwa ya majibu waliyapata Afrika Mashariki: vijijini kandokando ya Kampala, kwenye vilima vya Kisii, katika msitu wa Ituri na kwenye nyika ya Ziwa Eyasi.

Pwani ilikuwa na jibu lake hata kabla ya reli, na jibu hilo limo ndani ya lugha. Mtoto wa Pongwe humwita dada wa mama yake mama mkubwa au mama mdogo, na anayeitwa hivyo ana haki ya kumlisha, kumkanya na kumlaza bila kuomba ruhusa. Ndugu wa baba ni baba mkubwa na baba mdogo. Mjomba ana jina lake peke yake, na kwa Wadigo, ambao zamani walihesabu ukoo upande wa mama, neno lake juu ya watoto wa dada yake lilikuwa na uzito mkubwa, na hata mirathi ilipita kwake, mpaka taratibu za Kiislamu na sheria za serikali zilipolipunguza. Nguo ya kumfungia mtoto mgongoni nayo ina jina lake: mbeleko. Asubuhi iko kwa mama, mchana iko kwa bibi, jioni utaikuta kiunoni kwa binti wa darasa la tatu anayecheza rede mtoto akiwa amelala mgongoni.

Mwaka 1903 mwalimu mmoja kutoka Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, aliona habari za jamaa zake zikichapishwa katika kitabu kilichohaririwa na Carl Velten, Desturi za Wasuaheli. Kabla ya kufika kwenye safari na biashara, kitabu kinaanza na uzazi: mkunga, jamaa wanaozunguka kitanda, siku 40 za mzazi kukaa ndani akihudumiwa. Katika maelezo hayo mama hayuko peke yake hata kwa saa moja.

Lakini si kila mkono uliobeba ulibeba kwa hiari. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Watoto wa majumba ya kifalme anaowaeleza walinyonyeshwa na kubembelezwa na wanawake waliokuwa watumwa. Wanawake hao nao walikuwa na watoto wao. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na neno yaya likabaki, likahamia nyumba za maafisa na matajiri. Anayesimulia habari za malezi ya pamoja kana kwamba yalikuwa ngoma ya furaha tupu ameacha sura moja.

Wakati manamba wanajaza vipande vyao Tanga, Ulaya ilikuwa ikihesabu yatima wa vita. Daktari wa Kiingereza John Bowlby aliombwa na Shirika la Afya Duniani achunguze hali ya watoto wasio na makwao, na ripoti yake ikatoka mwaka 1951. Alisema mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa joto, wa karibu na usiokatika, na mama yake au na mtu mmoja wa kudumu anayeshika nafasi ya mama. Ripoti ilisaidia sana: hospitali zilizokuwa zikiwazuia wazazi kuwaona watoto wao waliolazwa zilianza kulegeza kamba. Ila wasomaji wengi waliondoka na jambo moja kichwani, yaani mama mmoja, mtoto mmoja, mlango umefungwa. Kwa kipimo hicho, mtoto anayepokewa mkono kwa mkono tangu asubuhi hadi magharibi alionekana kama mtoto aliyetelekezwa.

Aliyekwenda kukipima kipimo hicho alifika Afrika kwa sababu ya kazi ya mumewe. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia kutoka Kanada aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby London, aliwasili Kampala mwaka 1954. Mumewe alipata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Mary alitafuta fedha kidogo, akatafuta mkalimani, Katie Kibuka, akaanza kutembelea vijiji sita vya Waganda.

Alikuwa amesikia kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa ghafla na kumpeleka kwa bibi yake, akadhani hapo atapata mfano safi wa utengano: mtoto kabla, na mtoto baada. Alipofika alikuta desturi hiyo imefifia katika familia nyingi. Utafiti aliokuja nao ukamfia mikononi. Badala ya kurudi, akaamua kukaa na kutazama.

Kila baada ya wiki mbili alikwenda kwa kila familia, akakaa kama saa mbili mchana, akina mama wakiwa wamerudi kutoka shambani na kumkaribisha ukumbini kama mgeni yeyote. Alibeba maziwa ya unga yaliyouzwa kwa bei ya jumla, akawapa wagonjwa nafasi garini hadi zahanati. Kwa miezi tisa hivi aliwafuatilia akina mama 26 na watoto 28. Aliandika nani mtoto anamfuata akianza kutambaa, nani akiondoka mtoto analia, nani akirudi mtoto anatupa mikono juu. Aliona mtoto akitambaa mbali kidogo na mama, anageuka, anamtazama, kisha anaendelea na upelelezi wake, kama mvuvi anayejua nanga iko wapi.

Mwishoni aliwagawa: watoto 16 walikuwa na utulivu katika uhusiano na mama zao, 7 walikuwa na wasiwasi, 5 hawakuwa bado wamefungamana na mtu. Na wale waliofungamana na mama walifungamana pia na baba, bibi, dada au jirani. Ainsworth hakuona katika madaftari yake ushahidi kwamba kulelewa na watu kadhaa kwenyewe kunamharibu mtoto. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Kwa bahati mbaya wengi hawakukisoma. Dunia ilimjua kwa kazi yake ya pili, ya Baltimore, Marekani: chumba kimoja, vitu vya kuchezea, mama anatoka, mgeni anaingia, mama anarudi, dakika 20 zinatosha. Jaribio hilo lilienea vyuo vyote. Chumbani humo hakukuwa na bibi wala shangazi.

Mwaka 1955, Ainsworth alipokuwa akifunga mizigo Kampala, Robert na Barbara LeVine walifika Nyansongo, katika nchi ya Wakisii magharibi mwa Kenya. Walikuwa sehemu ya mradi wa John na Beatrice Whiting uliolinganisha malezi katika jamii sita: Wakisii, Warajput wa India, wakazi wa kisiwa cha Okinawa, Wamixteco wa Mexico, kijiji kimoja cha Ufilipino na mji mdogo wa Marekani. Nyansongo, mama alikuwa mkulima kabla ya jambo lingine lolote. Jembe lilimngoja. Mtoto alipofika miezi michache alikabidhiwa omoreri, mlezi mtoto, kwa kawaida dada au binti wa ndugu, mwenye umri wa miaka mitano hadi kumi.

Mgeni angeweza kushtuka: mtoto analelewa na mtoto. Hesabu za akina Whiting, zilizochapishwa mwaka 1975, zilileta jambo lingine. Watoto waliopewa kazi ya kulea walikuwa wepesi zaidi kumsaidia mwenzao, kumpa chakula, kumtuliza anayelia. Wale wa mji wa Marekani, wasio na mdogo wa kubeba wala mbuzi wa kuchunga, walikuwa nyuma katika kipimo hicho. Miaka ya mwisho ya 1960 Carol Ember alikwenda Oyugis, kwa Wajaluo, akawatazama wavulana wa nyumba zisizo na msichana mkubwa. Wavulana hao walikuwa wakifanya kazi za ndani, kulea ikiwemo. Aliwakuta wapole zaidi kuliko wenzao, hata wanapokuwa mbali na kazi hizo.

LeVine alirudi Kisii kati ya mwaka 1974 na 1976, safari hii na madaktari na vyombo vya kurekodi picha. Kundi lake liligundua kwamba mama wa Kisii hakuongea sana na mtoto mchanga. Alipoombwa aongee naye mbele ya kamera alisema mtoto huyo hawezi kuelewa neno, kuna haja gani? Lakini mtoto hakuachwa kulia. Akina mama hao walipoonyeshwa picha za wanawake wa Marekani wakichelewa kumchukua mtoto anayelia, walikasirika. Kila upande ulimwona mwenzake hajui kulea.

Jaribio la Baltimore nalo lilipelekwa Kisii, likabidi libadilishwe. Mtoto wa Kisii mama yake akirudi hakutarajia kukumbatiwa. Alitarajia kupewa mkono, kama mtu mzima anavyoamkiwa. Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walipochapisha matokeo yao mwaka 1986, juu ya watoto 26, walikuwa wamefanya jambo ambalo wengi walikuwa hawajalifanya: walipima uhusiano wa mtoto na mama, kisha wakampima na omoreri peke yake. Zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na utulivu kwa mama, na zaidi ya nusu walikuwa na utulivu kwa mlezi wao mdogo. Utulivu kwa mama uliambatana na lishe nzuri ya mtoto. Utulivu kwa omoreri uliambatana na wepesi wa akili katika vipimo. Kwa maneno mengine, mama alikuwa mlango wa chakula, na yule binti wa miaka minane, aliyecheza naye, kumsemesha na kumzungusha kijijini, alikuwa mlango wa dunia.

Miaka hiyohiyo ya 1980, kundi la Chuo Kikuu cha Harvard lilikuwa ndani ya msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, kwa Waefe, watu wa msituni wanaoishi kwa kuwinda, kukusanya asali na kubadilishana nyama kwa mihogo na ndizi na majirani zao Walese. Edward Tronick, Gilda Morelli na Steve Winn walikuja na saa. Walihesabu kwa dakika nani kamshika mtoto.

Tarakimu walizochapisha mwaka 1987 ziliwashangaza wenzao. Mtoto wa wiki tatu alikuwa mikononi mwa watu wengine asilimia 39 ya muda. Alipofika wiki 18, muda huo ulikuwa umefika asilimia 60. Katika majuma hayo ya mwanzo mtoto mmoja alihudumiwa kwa wastani na watu 14. Mtoto anapozaliwa, wanawake wengine kambini humnyonyesha kabla maziwa ya mama yake hayajatoka vizuri. Waefe hawakuiona kuwa ni mbinu ya malezi. Kambi ni ndogo, watu wanakaa wakitazamana, na mtoto anayelia husikika na kila mtu, basi aliye karibu anamchukua.

Hapo hoja ya mama mmoja na mlango uliofungwa ilipata ufa mkubwa. Kilichobaki ni kujua kwa nini binadamu wanafanya hivi, wakati sokwe mama hamwachii mwenzake mtoto wake mchanga. Jibu moja lilichimbwa ardhini, kwa mti uliochongwa ncha, kusini mwa Ziwa Eyasi.

Wahadzabe walikuwa wamezoea wageni wenye madaftari tangu James Woodburn alipofika kwao miaka ya 1950. Kristen Hawkes na James O'Connell wa Chuo Kikuu cha Utah, pamoja na Nicholas Blurton Jones wa California, walipokaa nao miaka ya 1985 na 1986, walitaka kujua nani analeta chakula. Kwa mazoea ya vitabu, mwindaji ndiye anayelisha watoto. Lakini nyama kubwa haipatikani kila siku, na ikipatikana hugawiwa kambi nzima. Waliotoka kila asubuhi bila kukosa walikuwa wanawake, na miongoni mwao waliofanya kazi kwa saa nyingi walikuwa bibi: wanawake waliokwisha kuacha kuzaa, wenye mvi, wakichimba mizizi migumu iliyojificha chini ya mawe. Makala yao ya mwaka 1989 iliwataja katika kichwa chake kama bibi wachapakazi wa Kihadzabe.

Kisha wakapima uzito wa watoto. Mama asiye na mtoto mchanga, bidii yake ya kuchimba ilionekana katika mwili wa mwanawe. Akizaa mwingine, kiungo hicho kilipotea. Sasa uzito wa yule mkubwa ulifuata bidii ya bibi yake. Mtoto hawezi kuchimba mzizi wa aina ile mpaka awe mkubwa. Bila bibi, mama angelazimika kungoja miaka mingi kabla ya kubeba mimba nyingine, kama sokwe wanavyongoja. Kutoka hapo Hawkes na wenzake walijenga nadharia yao ya bibi, iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1998: mwanamke kuishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi ni sehemu ya kilichomfanya binadamu kuwa binadamu. Mjadala haujaisha, lakini tangu siku hizo hakuna mtafiti wa malezi anayeweza kumruka bibi.

Alyssa Crittenden na Frank Marlowe walirudi kwenye swali la mbeleko. Katika kambi kumi za Wahadzabe, kwa miezi 17, waliandika nani kamshika mtoto, na uhusiano wa damu. Mwaka 2008 walieleza kwamba kadiri undugu unavyokaribia ndivyo muda wa kubeba unavyoongezeka, lakini wasio ndugu nao walibeba sehemu kubwa. Mwaka huohuo Rebecca Sear na Ruth Mace wa Uingereza walikusanya takwimu za jamii 45 na kuuliza swali baya zaidi: mtu fulani akifa au akiondoka, mtoto anapona? Kifo cha mama kilikuwa hatari kila mahali. Bibi mzaa mama aliokoa watoto katika sehemu nyingi. Kuwepo kwa baba, katika tafiti nyingi, hakukuonyesha tofauti kubwa katika uhai wa mtoto mdogo, jambo ambalo akina baba hawakulipenda.

Mikono mingi haiwezi yote. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, ililazimika kujifunza jambo hilo. Nyumba 915 za mkoa huo zilifuatiliwa kuanzia 1991 hadi 1994, na watu wake wakatafutwa tena mwaka 2004. Waliofiwa na mama wakiwa wadogo walilelewa na bibi, mama wadogo na wajomba, wengi wao kwa moyo mmoja. Hata hivyo walipokua walikuwa wafupi kwa takriban sentimita mbili kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa wamepoteza kama mwaka mmoja wa shule. Bibi aliyezika watoto watatu na kubaki na wajukuu saba ana mikono miwili.

Upande mwingine, David Lawson na wenzake walipochambua taarifa za vijiji 56 vya kaskazini mwa Tanzania, na kuchapisha mwaka 2017, walikuta kwamba mtoto anayekaa na ndugu mbali na wazazi wake wote wawili hakuwa na hali mbaya kwa sababu hiyo tu. Aliyekuwa na shida zaidi ya chakula na afya ni yule aliyebaki na mama peke yake, baba hayupo. Kupelekwa kwa bibi, ambako miradi mingi ya misaada hukuhesabu kama dalili ya hatari, mara nyingi ni mpango uliofikiriwa na watu wazima kadhaa.

Yote haya yanarudi Pongwe kwa njia ya shule.

Novemba 1974 mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri awe darasani. Ilikuwa hatua kubwa, na wasichana walifaidika kuliko mtu yeyote. Hakuna aliyetangaza jukwaani kwamba siku hiyohiyo nchi ilikuwa imemwondoa mlezi wake mkuu wa mchana. Binti wa miaka minane aliyekuwa na mdogo wake mgongoni sasa alikuwa na daftari. Kisii hali ilikuwa hiyohiyo, kwani Kenya nayo ilifuta karo ya madarasa ya mwanzo mwaka 1974. LeVine alipokuwa akiwarekodi omoreri, kengele za shule zilikuwa zikiwaita.

Waliobaki nyumbani walikuwa bibi na wale wasiofikia umri. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, uliozaliwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, ulikuwa umehimiza vituo vya kulelea watoto. Vijiji vya ujamaa vilivijenga, vingine vikasimama, vingine vikafa mama mlezi alipokosa posho. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo hivyo, ambayo baadaye ilimezwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyofuata mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 wenye nguzo tano: afya, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio. Nguzo ya tano ndiyo ile aliyoiandika Ainsworth kwenye daftari lake Uganda: mtoto akilia, kuna anayegeuka?

Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, bei ikaanguka, nyuzi za plastiki zikaingia, na makambi yakapungukiwa watu. Wengi wa waliokuja kwa namba hawakurudi walikotoka. Walioa, waliolewa, walizika wazee wao Tanga, na wajukuu zao wana bibi wa karibu, jambo ambalo manamba wa kwanza hawakuwa nalo. Pongwe imekuwa kata ya Jiji la Tanga. Kiwanda cha saruji kipo, malori yanapita usiku na mchana kwenye barabara ya Segera, na mama anayewahi kazini mjini anapanda daladala kabla jua halijapanda.

Mtafiti akiketi hapo leo na saa yake, kama walivyoketi wale wa Ituri, daftari lake litajaa kabla ya adhuhuri. Saa kumi na mbili asubuhi, mama. Saa moja, bibi. Saa tatu bibi kaenda sokoni, mtoto kwa jirani auzaye maandazi. Saa nane mchana kaka mkubwa karudi shule, kamchukua bila kuvua sare. Saa kumi na moja, mama mdogo.

Akishuka na daladala hiyo mpaka mjini, Chumbageni au Raskazone, daftari litakuwa fupi zaidi: tangu asubuhi hadi jioni, jina moja tu, nalo ni la msichana wa kazi. Wasichana hao hutoka Lushoto, Korogwe, Handeni, wengine wakiwa wamemaliza darasa la saba mwaka jana tu. Msichana huyo anamjua mtoto kuliko mtu yeyote nyumbani: wimbo unaomlaza, uji anaoukataa, kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Katika tafiti nyingi yeye huingia kwenye safu ya mwisho, ile inayoandikwa "mwingine." Jioni akimaliza kuosha vyombo hupiga simu nyumbani, milimani, kuulizia mdogo wake wa miaka miwili aliyekuwa akimbeba yeye kabla hajaondoka. Swali la kwanza baada ya salamu ni kujua yuko kwa nani.